Mwongozo kamili: kununua Rolex Datejust 1601 ya zamani bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Mtu akiletewa saa ya zamani swali lake la kwanza huwa "hii orijino au feki?", na kusema ukweli hilo swali halimsaidii sana, manake feki kamili kwenye saa za zamani ndo kesi nyepesi, ukishashika mbili tatu za kweli unaijua kabla hata hujaifungua. Kinachowaliza watu ni saa ambayo kila kipande ni Rolex kweli kweli lakini bodi ni ya 1966, uso uliwekwa wakati wa sevisi miaka ya 2000, mishale imetoka kwenye saa nyingine, cheni haijulikani ya lini, halafu muuzaji anaiuza kwa bei ya saa ambayo haijawahi kuguswa. Kwa hiyo we jizoeze kuuliza swali jingine: hivi vipande vyote vinataja mwaka mmoja? Chini hapa ni jinsi ya kuvihoji kimoja kimoja.

Nitatumia modeli moja tu, Datejust namba 1601, kwa sababu ndo mlango wa kuingilia. Zilitengenezwa nyingi mno, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 50 mpaka karibu 1977, kwa hiyo picha za kulinganisha zimejaa, spea zinapatikana, na fundi yeyote wa maana anaijua mashine yake. Ukiielewa hii, kuhamia modeli nyingine za Rolex kama GMT-Master 1675 au Submariner 5513 ni mambo yale yale, dau tu ndo linapanda.

Kwanza jua unatafuta nini

Datejust ilitoka 1945. Hii 1601 ina bodi ya milimita 36, kioo cha plastiki chenye kile kijilensi juu ya tarehe, na bezeli (ile pete inayozunguka kioo) yenye michirizi. Ndugu zake wa karibu ni 1600 yenye bezeli laini na 1603 yenye bezeli ya stili iliyochorwa na mashine. Sasa kuna kitu wengi hawakijui, hiyo bezeli ya michirizi ya 1601 ni dhahabu, hata kwenye saa inayoonekana stili tupu bezeli yake ni dhahabu nyeupe, karati 14 au 18 kutegemea ilikouzwa. Dhahabu ikichakaa ncha za michirizi zinalainika taratibu, haibanduki. Ukiona sehemu imebanduka na rangi nyingine imechungulia chini yake basi hiyo bezeli ni ya kubandikiwa na haijatoka Rolex.

Vifaa vyako ni vitatu na vyote bei chee: lensi ya fundi ile ya kubana jichoni ya kukuza mara 10, tochi ya UV ile ile ya kukagulia noti, na simu yenye kamera inayorekodi slomosheni. Bila lensi usinunue, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Hatua ya 1: vua cheni usome namba

Kwenye saa za miaka hii namba zipo ubavuni mwa bodi, katikati ya masikio pale cheni inapokaa. Upande wa saa 12 ndo kuna namba ya modeli, yaani 1601, na upande wa saa 6 kuna namba ya saa yenyewe. Huwezi kuziona bila kuvua cheni, na muuzaji anayekataa kuivua ashakujibu tayari, mwambie asante uondoke.

Ukiziona usisome tarakimu tu, angalia zilivyochongwa. Namba za Rolex za wakati ule zimekatwa kwa ncha kali, mistari myembamba inayomeremeta ukigeuza saa kwenye mwanga. Za kopi zinaonekana kama vidoto vidoto vilivyoliwa na tindikali, kina kifupi, kingo zinatambaa. Kuna na namba ambazo zimefutika kwa jasho na kusuguana na cheni miaka 50, hiyo ni kawaida, ila namba iliyofutika upande mmoja tu huku upande wa pili ni mpya kabisa inakupa mashaka.

Kwa makadirio, namba za milioni 1 zinaangukia katikati ya miaka ya 60, milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 70, na milioni 5 ni kwenye 1977 hivi. Rolex wenyewe hawajawahi kutoa orodha rasmi, hizi zinazozunguka ni kazi ya wakusanyaji, kwa hiyo jipe nafasi ya mwaka mmoja au miwili kila upande. Andika huo mwaka kwenye karatasi. Kuanzia hapo kila kipande kingine kitapimwa kwa mwaka huo.

Hatua ya 2: uso, na hapa usiwe na haraka

Uso ndo pesa. Bodi mbili sawa, mashine moja, umri mmoja, lakini uso tofauti na bei inaruka mara kadhaa. Rolex Daytona aliyokuwa akivaa mwigizaji Paul Newman ilipigwa mnada New York Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17.7, na Daytona zenye uso wa aina ile zinauzwa ghali kuliko mwenzake wa uso wa kawaida wa modeli ile ile. Sasa we fikiria mwenye bodi ya kawaida mkononi, atashindwa kutafuta uso wa kubadilisha?

Kwa 1601 anza kusoma chini kabisa, pale saa 6, kwenye yale maandishi madogo ambayo bila lensi huyaoni. Kama uso una rangi ya kung'aa gizani na saa ni ya kuanzia 1963 hivi mpaka mwisho wa uzalishaji wake, panatakiwa pawe na herufi T, mara nyingi "T SWISS T". Hiyo T ni tritiamu, ndo iliyochukua nafasi ya radiamu, zote ni dutu za mionzi zinazoiwasha ile rangi. Nyuso ambazo hazina rangi ya gizani kabisa zinaandikwa "SWISS" peke yake na ziko sawa. Lakini uso wenye vidoto vya kung'aa na umeandikwa "SWISS" tupu au "SWISS MADE" bila T, kwenye saa ya 1968, ni uso wa sevisi uliowekwa baada ya 1998 wakati tritiamu ilipoachwa na kuja Luminova, rangi ya gizani isiyo na mionzi. Si feki, umetoka Rolex, lakini kwa mkusanyaji bei inashuka na muuzaji anatakiwa aseme.

Zima taa, washa ile tochi ya noti, mulika uso sekunde chache kisha zima. Tritiamu nguvu yake inapungua nusu kila miaka 12 na kidogo, kwa hiyo ya 1968 imeshakufa, ukimulika itawaka kidogo na kuzimika karibu papo hapo. Ikiendelea kuwaka kijani dakika nzima hiyo ni rangi mpya, ama uso ni wa sevisi ama mtu kapaka upya kwa mkono. Ya kupaka kwa mkono utaijua kwenye lensi, inavuka kingo za kidoto, ina mabonde, na mara nyingine wameitia rangi ya krimu kusudi ionekane ya zamani. Na kuwa makini na saa za kabla ya 1963, zile za radiamu. Radiamu nguvu yake inahitaji miaka 1,600 kupungua nusu, uso haung'ai tena kwa sababu ile dawa ya kuwaka imechoka lakini mionzi bado ipo pale pale. Kuivaa ikiwa imefungwa si tatizo kubwa, kuifungua mwenyewe na kukwangua ule unga ukauvuta puani hilo ni tatizo.

Kisha maandishi. Juu uso unasema ROLEX, OYSTER PERPETUAL, DATEJUST. Chini SUPERLATIVE CHRONOMETER OFFICIALLY CERTIFIED. Angalia wino: wa kiwandani unakaa juu ya uso kama umetuna kidogo, kingo zimenyooka, nafasi kati ya herufi hazichezi. Uso uliochapwa upya mtaani unajulikana kwa herufi nene, R yenye mguu uliovimba, mistari ya dakika ambayo haianzii sehemu moja, na taji (ile nembo ya Rolex) lililochorwa badala ya kubandikwa, manake kwenye 1601 lile taji la saa 12 ni kipande cha chuma kimepachikwa. Tena nyuso nyingi za 1601 ukingo wake umeinama kwenda chini kama sahani ya pai, ukiiinamisha saa utaona mwanga unavunjika pale. Nyuso zinazochapwa upya kule India zinauzwa sana mtandaoni, zinang'aa rangi za kuvutia, dhamira yake si lazima iwe wizi, lakini saa yenye uso huo si kitu cha kukusanya.

Mimi nikiulizwa bora uso uliochakaa wa asili au uliorudishiwa ukawa kama mpya, nachukua uliochakaa bila kufikiria mara mbili. Madoa yanavumilika, lakini uso ukishachapwa upya haurudi tena.

Ndugu wa Muscat na khanjari

Hili linawahusu hasa Waswahili wa Oman na familia zenye mguu mmoja Unguja. Miaka ya 70 Sultan Qaboos, aliyeshika nchi Julai 1970, aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, usoni zimechapwa nembo ya khanjari (jambia la Kiomani), akawazawadia maofisa, wakiwemo Waingereza waliopigana vita vya Dhofar, kusini mwa Oman. Leo khanjari halisi inapandisha bei ya saa vibaya sana, na ndo maana watu wanachukua uso wa kawaida wanachapa khanjari juu yake. Ukipewa ya namna hiyo weka lensi pale khanjari ilipo: wino wake unatakiwa uwe na ubora ule ule wa maandishi mengine, panga na mikanda yake visomeke bila kutapakaa, na uso chini yake usiwe na alama ya kitu kilichofutwa. Halafu tafuta hadithi yenye ushahidi, yaani picha, barua, jina la aliyepewa na alihudumu wapi. "Babu alipewa na Sultani" peke yake haitoshi hata kama babu ni mkweli.

Hatua ya 3: mishale

Hapa ni dakika moja. Uso wenye rangi ya gizani lazima mishale nayo iwe nayo, uso usio nayo mishale iwe mitupu. Uso mtupu na mishale yenye rangi ni mchanganyiko. Kama vyote vinayo, rangi ya mishale na ya vidoto ziwe zimezeeka karibu sawa, na zote zizimike pamoja kwenye tochi. Mishale ikiwaka na uso ukabaki giza, mishale ni ya baadaye.

Hatua ya 4: bodi na polishi

Saa hii imeshapita kwa mafundi wengi na kila mmoja alitaka mteja afurahi, kwa hiyo akaipiga polishi. Ishike usoni kwako, tazama masikio manne kutoka juu: yanene sawa? Kingo zimekaa kali au zimeviringika kama sabuni iliyotumika? Masikio ya 1601 yana matundu yametoboka mpaka nje, angalia hayo matundu yako umbali gani na ukingo, yakiwa yamekaribia kutokezea au midomo yake imepanuka, chuma kingi kimeondoka. Polishi haimaanishi feki, ila bei ya "haijaguswa" usiilipe.

Mfuniko wa nyuma wa nje unatakiwa uwe mtupu. Rolex ya modeli hii yenye taji kubwa limechorwa mfunikoni au yenye mfuniko wa kioo kuonyesha mashine, iache hapo hapo.

Hatua ya 5: mashine

Kabla ya kufungua, rekodi mshale wa sekunde kwa slomosheni kwa sekunde 10 uhesabu miruko. Ile habari kwamba Rolex "haitikisi" ni ya vijiweni. Inaruka, ila ruka zake ni ndogo. Mashine ya 1575, iliyokuwemo kwenye 1601 nyingi kuanzia katikati ya miaka ya 60, inapiga mara 19,800 kwa saa, yaani miruko 55 kwa sekunde 10. Ile ya kabla yake, 1565, inapiga 18,000, hiyo ni 50. Ukihesabu 60 kuna mashine ya bei rahisi ndani, ukihesabu 80 hiyo ni mashine ya zama nyingine kabisa.

Jaribu na tarehe. Kwenye 1601 tarehe haibadilishwi haraka kwa kuvuta kinobu nusu, unazungusha mishale mpaka ivuke saa sita usiku. Tarehe ya haraka kwenye Datejust ilikuja na mashine 3035 mwaka 1977, kwenye modeli zilizofuata. Kwa hiyo "1601" inayoruka tarehe kwa haraka ni mseto. Kitu kingine, mshale wa sekunde kusimama ukivuta kinobu ulianza mwanzoni mwa miaka ya 70, hivyo saa ya 1966 inayosimamisha sekunde uiulize vizuri.

Sasa ifunguliwe, na fundi mwenye kifaa chake, si kwa bisibisi na koleo. Ndani ya mfuniko utakuta maandishi ya Montres Rolex Geneva, namba ya modeli, na kwa saa nyingi za hadi mwanzoni mwa miaka ya 70 kuna robo ya mwaka kwa namba za Kirumi na mwaka wenyewe, mfano III 67. Hiyo ndo zawadi yako, ilinganishe na ule mwaka ulioandika kwenye karatasi. Usishtuke mfuniko ukisema 1600 au 1603, familia hii walikuwa wanachangia mifuniko. Wala usishtuke mashine ya 1575 ikiwa imegongwa 1570 kwenye daraja lake (kile kibamba cha juu ya mashine), hivyo ndo zilivyotoka. Cha kukushtua ni kutu kwenye skrubu, skrubu zilizochanwa vichwa, na unga wa chuma, manake hapo bili ya sevisi inakusubiri. Kama fundi ana mashine ya kupimia mwendo mwombe aiweke, amplitudi (upana wa kuyumba kwa gurudumu la mashine) ikiwa chini ya nyuzi 200 jua mafuta yamekauka, toa gharama ya sevisi kwenye bei.

Hatua ya 6: cheni

Cheni ya Jubilee ya wakati huo ina vipande vya kukunjwa, mepesi, inalia lia, na watu wakizoea saa mpya wanadhani ni feki. Ishike saa ubavuni uiache cheni inyooke hewani: ikipinda mpaka chini imelegea sana. Kwenye kufuli ndani kuna alama za mwaka. Cheni ya miaka ya baadaye si dhambi, zilikuwa zinachakaa na kubadilishwa, ila ipunguze kwenye bei. Kinobu na kioo navyo hivyo hivyo, ni vitu vya kubadilishwa sevisi, usivipe uzito.

Hatua ya 7: makaratasi, na muuzaji mwenyewe

Boksi na makaratasi vinauzwa peke yake, watu wananunua boksi la 1970 wanaliweka na saa yoyote. Karatasi ni ya saa hiyo pale tu namba yake inapofanana na namba ya masikioni, na hata hapo itazame kwenye mwanga.

Na usidhani wakubwa hawapigwi. Novemba 2021 Omega Speedmaster namba 2915-1 iliuzwa mnadani Geneva kwa faranga za Uswisi zaidi ya milioni 3.1, aliyenunua ni Omega wenyewe kwa ajili ya makumbusho yao, halafu mwaka 2023 Omega wakatangaza kwamba saa ile iliunganishwa kwa vipande vya saa tofauti na kwamba waliokuwa wafanyakazi wao walihusika. Kampuni iliyoitengeneza, ikaidhinisha, ikainunua.

Kwa hiyo mwombe muuzaji picha za: namba zote mbili, ndani ya mfuniko, mashine, uso bila kioo kuakisi, kufuli la cheni, na video ya tochi ya UV. Mwulize kwa maandishi "kipande gani kimebadilishwa?" Anayejua kazi yake atakujibu moja moja, mjanja atakwambia "bro hii ni klini kabisa". Ukiagiza nje weka kodi kwenye hesabu mapema, VAT pekee ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, hapo ushuru bado. Na lipa kwa njia inayorudisha hela.

Kama dau la 1601 bado liko juu, Omega Constellation ya miaka ya 60 ni shule nzuri na bei yake ni ya kiubinadamu. Mambo yake ya kukagua: mfuniko wa nyuma wenye picha ya kituo cha kuangalia nyota na nyota 8 juu yake, mashine yenye rangi ya shaba iliyochongwa namba, na katikati ya kioo, chini kabisa ya lensi yako, kialama kidogo sana cha Omega. Uso wenye "OM" kila upande wa Swiss Made una mistari ya dhahabu tupu, kwa hiyo mistari ikiwa imebanduka rangi hapo pana uongo.

Ukishainunua

Usiogelee nayo, hata kama imeandikwa Oyster (jina la Rolex la bodi ya kuzuia maji). Mpira wa kuzuia maji wa miaka hiyo umeshakauka na bodi inaweza kuwa imeliwa kwa ndani. Vaa, jaza ufunguo kwa mkono ikiwa imekaa siku kadhaa, na tarehe ikichelewa usizungushe masaa 24 kila mara, rudisha mishale mpaka kama saa mbili usiku kisha ipeleke mbele ivuke saa sita, tarehe inaruka, rudia.

Ukiipeleka sevisi, kwa wakala au kwa fundi wa mtaani, sema kabla hajaigusa na aandike kwenye risiti: hakuna polishi, uso na mishale visibadilishwe wala kupakwa, na kipande chochote kitakachotolewa kirudishwe ndani ya kimfuko. Asipokubali kuandika, tafuta mwingine.